Barlow moja, lenzi mbili za jicho, ukuzaji saba: vipande ulivyonavyo vinaweza zaidi ya unavyodhani

"Mtaalamu, habari za kazi. Ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Dodoma. Shule yetu ilipewa darubini ya kioo ya aina ya Newton, kipenyo milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650. Ilikuja na lenzi mbili za jicho, ya mm 25 na ya mm 10, Barlow ya 2x (lenzi ya kuongeza ukuzaji), na mfuko wa vipande: bomba la kurefusha la mm 35, filta ya Mwezi, filta ndogo iliyoandikwa SUN, na adapta yenye pete ya kuungia kamera ya Canon. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue lenzi nyingine tatu za jicho ili nipate ngazi zote za ukuzaji. Mwenzangu anasema Barlow hufunguka na kutumika kwa namna nyingine, ila naogopa kuiharibu. Pia nikifunga kamera, picha haikai sawa hata nikisukuma bomba la fokasi hadi mwisho. Nianzie wapi?"

Mwalimu, usinunue chochote bado. Mwenzako amesema kweli: Barlow nyingi hufunguka, zimetengenezwa zifunguke, na humo ndani mna ngazi kadhaa za ukuzaji ambazo shule imekwisha kuzilipia. Tatizo la kamera nalo linatokana na jambo hilohilo, kwa hiyo ukielewa moja utakuwa umeelewa yote mawili.

Tuanze na ulichonacho. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini (umbali hadi mahali miale inapokutana na kufanya taswira) ukigawanywa kwa ule wa lenzi ya jicho. 650 kwa 25 ni mara 26, na 650 kwa 10 ni mara 65. Ukitia Barlow ya 2x unapata 52 na 130. Hapo muuzaji ameona kasoro ya kweli. 52 na 65 zinakaribiana mno, ni kama umelipia kitu kimoja mara mbili, halafu kati ya 65 na 130 kuna pengo kubwa, na Mshtarii na Zohali zinapendeza kuanzia katika pengo hilo. Amekosea dawa tu.

Kinachowapotosha wengi ni ile "2x" iliyochapwa pembeni. Watu huichukua kama tabia ya kioo chenyewe, kama vile uzito au rangi. Sivyo. Barlow ni lenzi mbonyeo, jina lake likitokana na Peter Barlow, mwanahisabati wa Uingereza aliyefariki 1862. Kazi yake ni kuipunguzia kasi ya kukutana miale inayokuja kutoka kwenye kioo kikuu. Miale iliyokuwa ikutane karibu inakutana mbali zaidi, na kadiri unavyoipokea mbali, ndivyo taswira inavyokuwa kubwa. Wanafunzi wako wameliona jambo hilo kwenye projekta: isogeze nyuma kutoka ukutani, picha inatanuka. Kwa hesabu, ukuzaji wa Barlow ni 1 + d/f, ambapo f ni urefu wa fokasi wa lenzi hiyo mbonyeo bila alama ya hasi, na d ni umbali kutoka kwenye lenzi hiyo hadi mahali taswira inapopokelewa, yaani kwenye fokasi ya lenzi ya jicho au kwenye sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea picha.

Chukua Barlow yenye f ya mm 100. Bomba lake limekatwa urefu ambao d inakuwa mm 100, ndiyo maana fundi akaandika 2x. Ukifupisha d hadi mm 50, inakuwa 1.5x. Ukiirefusha hadi mm 135, inakuwa 2.35x. Kila mm 10 unayoongeza au kupunguza ni 0.1. Namba "2x" inaeleza tu urefu wa bomba lililokuja na lenzi. Katika maelezo yanayofuata nitaendelea na f ya mm 100 kwa sababu inarahisisha hesabu. Ya kwako huenda ikatofautiana, na nitakuonyesha jinsi ya kuipima.

Sasa kufungua. Fanya mchana, juu ya meza iliyotandikwa taulo, mikono ikiwa mikavu. Geuza Barlow, utazame mwisho ule unaoingia kwenye darubini. Kioo kimekaa ndani ya kichwa cheusi cha chuma, kwa kawaida chenye mikwaruzo ya kushikia vidole pembeni. Shika bomba kwa mkono mmoja, kichwa kwa mwingine, uzungushe kichwa kizima kinyume cha saa. Hapo tulia kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu: ukitazama kioo uso kwa uso utaona pete nyembamba yenye vijipengo viwili vinavyotazamana. Pete hiyo usiiguse. Ndiyo inayoshikilia vioo viwili ndani ya kichwa, na kimoja kikirudi kimegeuka, taswira haitakuwa kali tena. Kinachofunguka ni kichwa pamoja na vioo vyake, kikiwa kitu kimoja. Kama Barlow yako ni ya plastiki na haina mgawanyo wowote kati ya kichwa na bomba, iache ilivyo. Hiyo haikuundwa kufunguka.

Kichwa kikitoka, utaona kina hesi za nje. Katika Barlow nyingi za inchi 1.25 hesi hizo ni M28.5 x 0.6 (kipenyo mm 28.5, hatua ya hesi mm 0.6), ambazo ndizo hesi za filta. Na chini ya lenzi yako ya jicho, ndani ya mdomo wa bomba lake, kuna hesi za kike za kipimo hichohicho, zilizowekwa kwa ajili ya filta. Kwa hiyo kichwa cha Barlow kinafungwa moja kwa moja chini ya lenzi ya jicho kana kwamba ni filta. Umbali d umefupika, na badala ya 2x unapata takribani 1.5x. Lenzi ya mm 25 inatoa mara 39, ya mm 10 inatoa karibu mara 98. Pengo lako limeziba.

Kabla ya kufunga, hakikisha kioo hakitagonga kioo. Lenzi za jicho za kawaida kama Plössl zina kioo cha chini kilichokaa ndani, mbali na mdomo, hazina shida. Zile za uwanja mpana wa kuona na nyingi za fokasi fupi zina kundi la vioo lililoshuka karibu kabisa na mdomo. Zilale ubavu kwenye mwanga, utazame kioo kimekaa umbali gani kutoka ukingoni, kisha ulinganishe na urefu wa hesi za kichwa cha Barlow pamoja na mwinuko wa kioo chake. Ukiwa na shaka, tumia pete ya filta iliyotolewa kioo kama kitenganishi. Pete hiyo inaongeza milimita chache tu za d, na inatoa usalama. Lenzi ya kuvuta, ile inayobadilika kutoka mm 24 hadi mm 8, ihadhari zaidi. Katika baadhi yake vioo vya ndani husafiri unapozungusha, kwa hiyo kilicho mbali sasa huenda kikashuka baadaye. Zungusha kutoka mwanzo hadi mwisho ukiangalia chini kabla ya kufunga chochote.

Wakati wa kufunga, anza kwa kuzungusha kinyume cha saa taratibu hadi usikie hesi "zinadondoka" mahali pake, ndipo uzungushe kwa saa. Hesi za aluminiamu zikipanda upande hazirudi tena. Zikikaza kidogo tu, simama. Nguvu ya vidole viwili inatosha.

Bomba la mm 35 lina kazi yake upande wa pili. Rudisha kichwa kwenye bomba la Barlow, chomeka bomba la kurefusha juu yake, halafu lenzi ya jicho juu ya hilo. d imeongezeka kwa mm 35, nawe uko kwenye 2.35x: lenzi ya mm 10 inakupa mara 153. Sasa hesabu: 26, 39, 52, 65, 98, 130, 153. Ni ngazi saba, bila kutoa hata shilingi. Unaweza kuongeza bomba jingine, lakini Barlow ya vioo viwili imepigiwa hesabu kwa umbali fulani, na ukiisukuma kupita 3x kingo za sayari zinaanza kulegea na rangi kujitokeza. Kubebanisha Barlow mbili sikushauri.

Namba hizi zote ni makadirio hadi uzipime. Kipimo chenyewe ni somo zuri la darasa. Njia ya mchana: elekeza darubini kwenye paa la mabati lililo mbali, jua likiwa nyuma yako, halafu hesabu migongo ya bati inayoenea kutoka ukingo hadi ukingo wa uwanja wa kuona. Ukiona migongo 30 kwa lenzi peke yake na 20 baada ya kuweka kichwa cha Barlow, basi hiyo ni 1.5x. Njia ya usiku ni sahihi zaidi. Zima mota kama ipo, weka nyota ukingoni mwa uwanja upande ambao itavuka kupitia katikati kabisa, uanze kuhesabu sekunde hadi ipotee upande wa pili. Rudia mara tatu, chukua wastani. Kisha fanya vivyo hivyo kwa Barlow, nyota ikiwa ileile. Gawanya muda wa kwanza kwa wa pili. Kama lenzi ya mm 10 ilichukua sekunde 186 na baadaye 124, Barlow yako ni 1.5x kamili. Nyota bora ni Mintaka, ile inayotangulia kuchomoza kati ya tatu za mkanda wa Jabari, kundinyota ambalo wengine hulijua kama Orion. Iko karibu kabisa na ikweta ya anga, na huko Dodoma inapita karibu na utosi. Ukiizidisha idadi ya sekunde zake kwa 15 unapata upana wa uwanja katika sekunde za pembe, kwa hiyo kwa kipimo kimoja wanafunzi wamepata mambo mawili.

Je, ukuzaji mkubwa ni bora? Hapana. Darubini ya mm 130 kwa nadharia inafika mara 260, yaani mara mbili ya kipenyo, lakini usiku wa kawaida hewa inakukatalia kabla hujafika huko. 153 ni mahali pazuri pa kuishia. Wewe una neema moja ambayo watazamaji wa Ulaya ya kaskazini hawana: ukiwa nyuzi 6 kusini mwa ikweta, sayari zinapofika kileleni mwa safari yao ya usiku huwa karibu nyuzi 60 juu ya upeo au zaidi. Unatazama kupitia hewa chache. Subiri zipande. Toa darubini nje nusu saa kabla ili kioo kipoe. Na kabla ya kuilaumu Barlow kwa taswira mbovu kwenye 130, kagua mpangilio wa vioo: chukua nyota angavu, iweke katikati, itoe kwenye fokasi kidogo. Ukiona miduara iliyo katikati ya mwenzake, vioo viko sawa. Ikiwa imeelemea upande mmoja, hakuna kipande cha kununua kitakachokusaidia mpaka vioo vipangwe.

Kuna faida nyingine ya Barlow ambayo haiandikwi kwenye boksi. Lenzi fupi ya jicho kama ya mm 10 inakulazimisha kubandika jicho karibu kabisa na kioo, jambo linalowatesa watoto na wote wanaovaa miwani. Lenzi ya mm 25 ina nafasi kubwa, na ukiifunga kwenye Barlow nafasi hiyo inabaki, hata kuongezeka kidogo. Kwa hiyo siku ya wageni, mstari ukiwa mrefu, mm 25 pamoja na bomba la kurefusha na Barlow inatoa mara 61. Ni karibu sawa na mm 10 peke yake, lakini kila mtu anaona bila kuhangaika. Mimi ningeitumia hiyo kwa Mwezi kila mara. Filta ya Mwezi uifunge chini ya Barlow yenyewe, mahali pa kuingilia mwanga, ili ukibadilisha lenzi za jicho usiihamishe.

Ile filta iliyoandikwa SUN itoe kwenye mfuko leo, uivunje, uitupe. Inakaa pale ambapo kioo kikuu kimekusanya joto lote la jua, na inaweza kupasuka ghafla jicho likiwa hapo. Jua hutazamwa kwa filta maalumu inayofunika mdomo wote wa darubini mbele, pamoja na kufunika darubini ndogo ya kulengea. Mwanafunzi akiwahi kutazama jua kimakosa na kuona doa katikati ya macho, apelekwe kliniki ya macho siku hiyohiyo. Jeraha hilo haliumi, na kwa sababu hiyo watu huchelewa.

Sasa kamera. Kamera ya Canon yenye mdomo wa lenzi wa aina ya EF ina mm 44 kutoka kwenye mdomo huo hadi kwenye sensa, na pete ya T, ile ya kuungia kamera, inaifikisha 55. Darubini nyingi za Newton za bei nafuu zimeundwa kwa ajili ya jicho, taswira ikiangukia karibu na mdomo wa bomba la fokasi. Sensa inahitaji bomba liingie ndani zaidi ya linavyoweza. Si kosa lako na kamera si mbovu. Fungua kichwa cha Barlow na ukifunge kwenye hesi za filta mbele ya adapta ya kamera, ile inayoingia kwenye bomba la fokasi. Tuseme kutoka kichwa hicho hadi sensa ni mm 85: Barlow sasa ni 1.85x, na taswira imesukumwa nje kwa karibu sentimita 4. Mara nyingi hizo sentimita 4 ndizo zilizokosekana. Mwezi utakuwa na upana wa mm 11 hivi kwenye sensa, unaoenea vizuri katika sensa ya mm 22 kwa 15.

Gharama yake ni mwanga. Umetoka f/5 ukaingia f/9 (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo), hivyo muda wa kupiga picha unaongezeka zaidi ya mara tatu. Kwa Mwezi si tatizo, kwa sayari ni faida. Kwa nebula, yale mawingu hafifu ya gesi angani, haifai, na ukweli ni kwamba darubini hii bila marekebisho si chombo cha kazi hiyo. Wapo wanaosogeza kioo kikuu mbele kwa kutoboa bomba upya. Kwa mali ya shule, sikushauri. Kaza pia skrubu za bomba la fokasi, maana kamera nzito hulilemea, likainama, na upande mmoja wa picha ukatoka bila ukali. Na ukinunua pete nyingine, soma hesi: M42 x 0.75 ndiyo ya darubini. M42 x 1 ni ya lenzi za kamera za zamani. Zinaanza kuingia kisha zinang'ang'ania.

Ukipata fedha baadaye, nunua kitu kimoja: Plössl ya mm 32. Inakupa mara 20 na uwanja unaokaribia nyuzi 2.4, karibu kikomo cha bomba la inchi 1.25 kwenye darubini yako. Upana huo Barlow haiwezi kukupa, kwa sababu inapunguza uwanja tu. Wapo watakaokuuzia lenzi ya kupunguza ya 0.5x kwa kusudi hilo. Kwenye Newton inavuta taswira ndani, bomba la fokasi halifiki, na hata ikifika, mdomo wa inchi 1.25 unakata kingo.

Mwisho ni utunzaji. Pete ya filta au kichwa cha Barlow kikigoma kufunguka, usitumie koleo. Linaminya chuma, kinakuwa yai, na hesi zinabana zaidi. Kata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, vizungushie pande zote mbili, shika kwa kiganja kizima bila kuminya, uzungushe. Usitie mafuta, yatatambaa hadi kwenye kioo. Vumbi lipulize kwa pampu ya mpira, usitumie mdomo. Hifadhi vyote kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vijifuko vya silika, hasa wakati wa mvua. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Tenga kipande hicho na vingine, umpelekee fundi wa kamera anayefungua lenzi, ukimwambia mapema kwamba ni vioo viwili vyenye mpangilio ili aviwekee alama kabla hajavitenganisha. Kupanga vioo vya darubini kwa mara ya kwanza nako ni bora ukae na mtu aliyekwisha kufanya. Uliza idara ya fizikia ya chuo kilicho karibu nawe, uende na darubini nzima, lenzi ya mm 10, na matokeo ya nyota uliyoitoa kwenye fokasi yakiwa yamechorwa kwenye karatasi.